Karatasi ya Vitamu

Mistari niliichora kwa rula ya mbao, na karatasi tatu za kwanza nilizichana kwa sababu wino ulichuruzika pembeni. Ya nne ilitoka safi. Ilikuwa na safu nne: sukari nyeupe, sukari ya kahawia, sukari guru na asali. Chini ya kila moja niliandika inatokana na nini, inapitia wapi kabla ya kufika kwenye kikombe, na mwisho kabisa hukumu yangu, nyekundu kwa kibaya, kijani kwa kizuri. Sukari nyeupe niliiandikia SUMU. Asali niliiandikia DAWA. Niliibandika kwa uji wa muhogo ukutani jikoni kwa bibi yangu, kijijini Fukayosi, mahali ambapo hata akiinama kupuliza moto angeiona, kisha nikarudi nyuma hatua mbili kutazama kama imenyooka.

Ilikuwa imenyooka. Kwa muda mrefu hilo lilinitosha.

Bibi huyu ni mama mzazi wa baba yangu. Ana kisukari tangu mimi nikiwa shule ya msingi, na kila mwezi huenda kliniki hospitalini Bagamoyo mjini, hupimwa na kurudi na vidonge vyake kwenye bahasha ya khaki. Nilipelekwa kukaa naye baada ya kumaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea. Nyumbani walisema naenda kumsaidia bibi. Mimi nilijua kwamba nimeenda kujificha. Wenzangu walikuwa wamepata shule, na mimi nilikuwa nimepata jembe na simu yenye kioo kilichopasuka.

Nilijiapiza nitajisomesha mwenyewe. Nilisoma kila nilichoweza kukifungua kwenye simu ile, nikanakili kwenye daftari kwa mwandiko ambao mwalimu yeyote angeupenda. Nikikosea neno moja, nilichana ukurasa mzima. Watu waliiita bidii. Kwa kweli ilikuwa hofu. Niliogopa kwamba siku moja mtu angeniuliza jambo na mimi ningesema "sijui", na neno hilo lingekuwa ushahidi kwamba wale walioninyima nafasi walikuwa na haki.

Ndivyo nilivyofika kwenye sukari. Bibi alikuwa mgonjwa wa sukari, kwa hiyo nikaamua kuijua sukari kuliko mtu yeyote kijijini. Na niliyoyasoma mengi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilijua kwamba mua ukikamuliwa, maji yake hutiwa chokaa ili uchafu utengane, huchemshwa mpaka yawe mazito, halafu punje hutenganishwa na ule uji mweusi kwa mashine inayozunguka kwa kasi, na punje husafishwa tena na tena mpaka ziwe nyeupe. Nilijua kwamba sukari ya kahawia ni ileile, ila imebakiwa na kidogo cha ule uji mweusi, au imerudishiwa. Nilijua kwamba sukari guru ni maji ya mua yaliyochemshwa kwenye sufuria wazi mpaka yakaganda, bila kutenganishwa na kitu. Na asali, kazi yote imefanywa na nyuki, binadamu anaikuta tayari.

Kosa langu lilikuwa kwenye mstari wa mwisho, ule wa hukumu. Nilidhani kwamba kadiri kitu kinavyopita mikono michache, ndivyo kinavyopungua madhara. Kila hatua ya kiwandani niliiona kama dhambi iliyoongezwa, na kitu kisicho na hatua nilikiona hakina dhambi. Sikumbuki nilisoma wapi. Nafikiri sikusoma popote. Nilijitungia, kwa sababu jedwali lisilo na mstari wa mwisho lilionekana halijakamilika.

Bibi alinitania siku hiyohiyo. Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza kwa utani, na yeye hakuwahi kuniita vinginevyo.

"Mke mwenzangu," alisema, akifuata maandishi kwa kidole, maana anasoma lakini polepole, "sasa hii sukari niliyokunywa tangu nikiwa mwali, kumbe sumu?"

"Sumu, bibi."

"Na bado sijafa."

"Inaua polepole."

"Ahaa. Basi haina haraka, kama babu yako alipokuwa akija kuposa." Akacheka mpaka akashika ubavu. "Haya, nipe hiyo isiyoua."

Sukari guru niliamua kuipika mwenyewe, kwa sababu ya dukani sikuiamini. Bibi alikuwa na mashina ya miwa bondeni. Alikwenda kuikata yeye, maana alisema mimi naikata kama mtu anayekata kucha za mtoto. Tuliimenya, tukaikatakata, tukaitwanga kwenye kinu na kuikamua kwa kitambaa cha kuchujia tui. Yeye alikuwa ameona hayo utotoni, akanionyesha namna ya kukoroga bila kuacha. Mara ya kwanza iliungua. Mara ya pili haikuganda. Mara ya tatu iliganda vizuri, kahawia kama udongo wa kichuguu, na mimi nikaikata vipande vilivyolingana, nikavipanga kwenye kopo.

"Mbona unaipanga kama sabuni?" aliniuliza.

"Ipendeze."

"Kitu cha kuliwa kinapendeza mdomoni, mke mwenzangu." Akachukua kipande, akakivunja kwa meno, akafumba macho. Tangu apate kisukari alikuwa akinywa chai kavu, isiyo na sukari, na kukunja uso. Siku ile alifumba macho kwa raha, na raha ile ilikuwa kazi ya mikono yangu. Sijawahi kujiona mwerevu kama siku ile.

Asali tulipata kwa mrina asali anayepita na baiskeli kutoka maporini. Sikutaka asali ya kawaida. Nilitaka ya nyuki wadogo, ile nyepesi yenye uchachu kidogo, ambayo watu wa kwetu huiweka kwa ajili ya kifua na vidonda. Alipoileta, nilimkalisha bibi kwenye mkeka, nikamweleza. Nilimwambia asali imetajwa kwenye Kitabu kuwa ina uponyaji ndani yake. Hilo hakuhitaji kulisikia kwangu. Alilijua kabla baba yangu hajazaliwa. Lakini sasa lilikuwa limetajwa na Kitabu na limeandikwa ukutani kwa wino wa kijani, na mambo mawili hayo yakikutana, mtu mzima mcha Mungu atabishaje?

Aliniuliza swali moja tu, na lilikuwa swali la maana kuliko yote niliyojiuliza mimi.

"Dozi yake?"

Nilikuwa sijui. Sikuwa nimesoma habari ya dozi. Neno "sijui" lilifika kooni, nikalimeza.

"Vijiko viwili asubuhi, viwili mchana, viwili jioni," nilisema.

Nilisema kwa sauti ya mtu aliyesoma. Kisha nikaenda jikoni, nikaliongeza kwenye jedwali kwa herufi ndogo, ili maneno yangu na karatasi yangu visipishane.

Tulikuwa na jirani, mama mtu mzima anayekaanga vitumbua asubuhi, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Naye ana kisukari. Yeye na bibi huenda kliniki pamoja na kurudi wakisengenya madaktari. Alikuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi, akaiona karatasi, akasimama mbele yake na mbuzi mkononi.

"Hii kaandika nani?"

"Mke mwenzangu," bibi alisema, na fahari iliyokuwa katika sauti yake bado naisikia.

"Mwenzangu, hii kama ya wizarani! Mwanangu, na mimi uniandikie."

Nilimwandikia nzuri zaidi. Nilichora pambo la maua kwenye pembe nne.

Baada ya wiki chache bibi alianza kuamka mara nyingi kwenda msalani. Alikunywa maji ya mtungi kikombe juu ya kikombe na midomo ikabaki mikavu. Alipungua, mikono ya gauni ikamlegea. Nilikuwa na jibu kwa hilo pia. Nilimwambia mwili unatoa sumu ya miaka mingi, na inatoka kwa njia ya mkojo. Nilikuwa nimeona mtu akisema hivyo kwenye video, mtu mwenye koti jeupe na sauti nzuri.

"Basi sumu ilikuwa nyingi," bibi alisema. Akaongeza maji.

Kisha kuna kidonda. Siku aliyokwenda bondeni kukata miwa kwa ajili ya sukari guru ya mara ya tatu, kisiki cha mua kilimchoma katikati ya kidole gumba cha mguu na kidole kinachofuata. Hakuniambia mpaka kilipotoa harufu. Nilikisafisha, na, Mungu anisamehe, nilikipaka asali. Hilo peke yake pengine lisingekuwa kosa kubwa. Lakini juu ya kidonda nilipaka asali, na kinywani nikatia asali, nikaketi kusubiri dawa ifanye kazi pande zote mbili.

Aliyekatisha kusubiri huko alikuwa yule jirani wa vitumbua. Aliingia asubuhi moja, akanusa, akamfunua bibi khanga mguuni bila kuomba ruhusa.

"Mwenzangu, huu mguu unaoza," alisema. "Vaa, twende."

Tulikwenda Bagamoyo siku hiyohiyo, ambayo haikuwa siku ya kliniki. Muuguzi alimchoma bibi kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine cha kupimia sukari. Mashine haikutoa namba. Muuguzi alichoma tena kidole kingine, akapata jibu lilelile. Alituambia mashine ikifanya hivyo maana yake sukari imepita pale inapoweza kuhesabu.

Naomba niseme yaliyofuata kama yalivyokuwa, kwa sababu ndiyo yaliyonifanya niandike haya.

Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya kusikika mpaka nje. Kwenye benchi kulikuwa na wagonjwa wengine, na mlango ulikuwa wazi.

"Bibi, umekula nini?"

Bibi alivuta khanga kuufunika mguu.

"Bibi, nakuuliza wewe. Mwezi uliopita sukari yako ilikuwa ya mtu mwenye adabu. Leo hivi. Umekunywa nini? Soda?"

"Si soda, mwanangu."

"Nani kakwambia ule vitamu?"

Daftari langu lilikuwa kwenye mkoba, mapajani. Lilikuwa na jalada nililolivika gazeti ili lisichakae. Nilihisi pembe yake kwenye kiganja. Nilikuwa na sekunde kadhaa, na nilijua kabisa kwamba ninazo.

"Ni mdomo wangu, sista," bibi alisema. "Uzee na vitamu. Nilikuwa nakula kwa kujificha."

Muuguzi akaguna. Akamwambia mtu mzima hovyo, mtu mzima anayekula kama mtoto wa chekechea, mbele ya wale watu wa kwenye benchi, wawili wakacheka. Bibi, mwanamke ambaye kijijini huamkiwa shikamoo na wanaume wenye wajukuu, aliinamisha kichwa na kufunga fundo la khanga yake, akalifungua, akalifunga tena. Kisha muuguzi akanigeukia, sauti ikalainika.

"Afadhali una mjukuu anayekujali. Bila huyu ungefia ndani."

Nikasema, "Ahsante."

Nilisema ahsante. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwamba nilinyamaza tu, kwa sababu kunyamaza kungekuwa kosa dogo zaidi. Lakini nilisema, kwa sauti inayosikika, na nadhani nilitabasamu.

Walimlaza. Kidole gumba hakikuokoka. Kilikatwa wiki ile. Mguu ulibaki. Daktari alisema tungechelewa siku chache zaidi angekuwa anazungumza habari nyingine.

Nilirudi Fukayosi kuchukua nguo zake. Nikitafuta gauni chini ya kitanda, nilivuta kopo la maziwa ya unga, likatoa mlio. Ndani yake kulikuwa na vidonge vyake vya hospitali. Vya mwezi ule wote, ndani ya karatasi zake za rangi ya fedha, hakuna hata kimoja kilichotobolewa. Vilikuwa vimepangwa vizuri, kama mimi nilivyopanga sukari guru.

Nilikaa sakafuni. Sikuelewa. Bibi hajawahi kuacha vidonge, hata alipokuwa na homa ya kutapika. Nilirudi hospitalini na lile kopo chini ya khanga, nikangoja jirani, aliyebaki naye, atoke nje, nikamwonyesha.

"Bibi, mbona hivi?"

Alinitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka.

"Dawa mbili haziwekwi tumbo moja, mke mwenzangu. Wewe hujui? Ukinywa ya mizizi, unaacha ya hospitali mpaka dozi iishe. Ukizichanganya zinagombana, na vita vinakuwa kwako. Wewe umesema asali dawa. Kwa hiyo nikaweka zile pembeni, ili yako ifanye kazi."

Ili yako ifanye kazi. Kila mtu wa kwetu analijua sharti hilo. Mimi nimekua nikilisikia. Mama yangu mwenyewe hakunipa panadoli siku zile nilizonyweshwa mwarobaini. Ningemwambia bibi kwamba asali ni tamu tu, au ni chakula, angekula kidogo na kuendelea na vidonge. Lakini niliandika DAWA, kwa herufi kubwa, na yeye alilitii neno hilo kwa uaminifu wote, kama mtu mwenye adabu anavyoutii mkono wa mganga. Hakukosea hata siku moja. Asubuhi viwili, mchana viwili, jioni viwili.

"Na kwa nini hukumwambia sista kwamba ni mimi?"

"Aliyepikiwa hamtangazi mpishi," alisema, akageukia ukuta. Alikuwa amechoka. Bado ameupa ukuta uso, akaongeza: "Lakini mpishi mwenyewe alikuwepo."

Hajalitaja tena jambo hilo tangu siku hiyo. Na mimi sijapata kuadhibiwa na mtu kuliko kwa maneno hayo manne.

Nilimfuata yule muuguzi kliniki iliyofuata. Nilikuwa nimeandika maneno ya kusema kwenye daftari, nikayafuta, nikayaandika upya. Nilisubiri foleni iishe. Nilimwamkia, nikamwambia kwamba yule bibi aliyekatwa kidole hakujilia vitamu kwa uroho, kwamba mimi ndiye niliyempa sukari guru na asali, mimi ndiye niliyemwambia ni dawa, na kwamba siku ile nilikuwa nimekaa palepale na sikusema.

Alikuwa anapanga mafaili.

"Bibi yupi?" aliuliza.

Nilimweleza. Alijaribu kukumbuka, kwa siku anaona wengi. Hatimaye akasema, "Aah," lakini sina hakika kama kweli alikumbuka. Nilikuwa nimebeba aibu ile mwezi mzima kama gunia la mkaa, na kumbe mwenye kupaswa kuipokea hakuwa na pa kuiweka.

"Vidonge anameza sasa?"

"Anameza."

"Basi." Akashusha mafaili. "Nikueleze kitu, mwanangu, na usiandike, sikiliza tu. Hiyo sukari nyeupe, hiyo guru, hiyo asali, ulimi ndio unaozitofautisha. Damu haijui kama kitu kimepita kiwandani au kimetoka mzingani. Ikifika kwenye damu ni sukari. Guru ina chembechembe mbili tatu za madini, asali ina yake; lakini ili zikufae ungekula nyingi, na ukila nyingi ndiyo hivyo tena. Mtu mzima mwenye afya, haya, achague anachopenda, na apunguze. Mgonjwa wangu, zote kwake ni safu moja."

Safu moja. Sikuwa nimemweleza habari ya jedwali. Nilimuuliza vipi vile vidonge vidogo vya kutia utamu kwenye chai, ambavyo shangazi aliwahi kumletea bibi kutoka Dar na mimi nikavificha kwa sababu ni vya kiwandani kabisa. Alisema kwa bibi hivyo ni afadhali, ingawa si lazima. Ulimi wenyewe ukizoeshwa hupunguza kudai. Nilivitoa nilipofika nyumbani. Bibi alionja chai, akasema ni kama kulamba betri ya redio. Siku hizi anakunywa kavu kama zamani.

Karatasi ya jikoni niliibandua siku ileile niliyotoka kliniki, ikatoka na rangi ya ukuta. Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa kwenye ngazi ya mlango nilipokumbuka ile yenye maua.

Jirani wa vitumbua hakuwa ameacha vidonge, namshukuru Mungu. Yeye anaamini dawa zote, hata zikigombana. Lakini alikuwa ametupa sukari yake nyeupe na kuanza kutia guru kwenye chai bila kupima, na asali juu ya vitumbua, kwa kuwa karatasi ilisema haziui. Nilimwamkia, nikakaa, nikamweleza kila kitu kuanzia mwanzo. Alinisikiliza huku akigeuza vitumbua.

"Kwa hiyo asali si dawa."

"Kwa kisukari, hapana, mama. Inapandisha sukari kama nyingine."

"Na guru?"

"Kama nyingine."

"Aliyekwambia ni nani?"

"Sista wa kliniki."

"Amekupa karatasi?"

"Hapana. Alisema kwa mdomo."

Alicheka, si kwa ubaya. "Basi wewe mwana, kaa utulie. Ile uliandika. Mtu haandiki vile, na maua, kwa jambo la uongo. Umeingiwa na hofu tu kwa ajili ya kidole cha bibi yako." Akanipa kitumbua kwenye kipande cha gazeti. "Kula. Unakonda."

Nilirudi mara ya pili, na ya tatu. Nilifikiria kumwandikia karatasi nyingine ya kuipinga ya kwanza, na nilianza, nikachora mistari. Niliona kwamba nitakuwa nimemfundisha kuamini mwandiko wangu kwa mara ya pili. Nikaiacha. Na kwa siku zote hizo, kila nikipita nje kwake, nilimwona kupitia dirishani akichota asali, na karatasi yangu juu ya kichwa chake, imenyooka.

Mwisho nilimwambia bibi. Sikumwomba kitu, nilimwambia tu kwamba mwenzake haniamini. Alikuwa amekaa barazani, mguu uliofungwa umenyooshwa juu ya kigoda. Akaomba fimbo yake.

Tulitembea nyumba tatu kwa muda mrefu sana. Jirani alimwona mlangoni, akaacha mwiko.

"Mwenzangu! Umetoka na mguu huo?"

"Nimekuja kunywa chai," bibi alisema. Aliketi kwenye kiti cha plastiki, akavuta pumzi. Kisha akainua upindo wa khanga, akaanza kufungua kitambaa cha mguuni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka pakaonekana pale palipokuwa na kidole. Akaunyoosha mguu chini ya ile karatasi ya ukutani.

"Wewe unapenda kusoma vilivyoandikwa," alimwambia. "Basi soma na hapa."

Mafuta yalikuwa yakichemka, na hakuna aliyekwenda kuyaangalia. Jirani alitazama mguu. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na safari hii hakukuwa na mkoba mapajani wala mtu wa kunisemea.

"Ni mimi niliyemfanya hivyo," nilisema.

"Najua, mwanangu," alisema taratibu. "Ulinieleza mara tatu. Sikutaka tu kusikia. Ilikuwa tamu."

Akapanda juu ya kigoda, akaibandua karatasi kwa kucha, pembe kwa pembe, kwa uangalifu, kama mtu anayeogopa kuharibu kitu cha watu. Akanikabidhi. Kisha akaweka chai mbele ya bibi, akapeleka kijiko nusu njia kuelekea kopo la guru, akakirudisha.

"Kavu?"

"Kavu," bibi alisema. "Na wewe jimiminie kavu, tukunje nyuso wote."

Wakanywa. Mimi nilibaki pale na karatasi mkononi, nikijua kwamba natakiwa kuichana au kuitia jikoni chini ya karai. Niliitazama kabla ya kufanya hivyo. Yale maua ya pembeni yalikuwa yamefifia kwa moshi, lakini mistari ilikuwa bado imenyooka, yote, na kwa kitambo kidogo, bibi yangu akiwa pale na mguu wake wazi, nilifurahi kuiona.

Halafu niliitia motoni.